Punje za Wanaume Wasiokuwepo

Mjukuu wangu wa kike yuko chuoni Moshi. Likizo iliyopita alikuja na makaratasi yake, akakaa barazani siku nzima anakuna kichwa. Nilipomuuliza anaumwa nini, akaniambia ametakiwa aandike jinsi alivyopanga mradi na wenzake, na jinsi alivyojifunza kuandikia maofisi barua zinazoeleweka. Nikamwambia hata sisi tulipanga, enzi za Mwingereza. Akacheka.

"Mlipanga nini, bibi? Zamu ya kupika makande?"

Nilimtazama tu. Baadaye akaniletea daftari jipya, akasema kama kweli tulipanga basi niandike. Naandika. Kama alitaka hadithi ya kumfurahisha, angemwomba mtu mwingine.

Niliolewa Mamba, Upare wa Kusini, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Sikuwa nimesoma. Mume wangu alikaa na mimi mvua tatu, akapata binti, kisha akateremka Same akapanda treni kwenda kukata mkonge Korogwe. Wanaume wa kwetu walikwenda hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na wengi walirudi kila mwaka na blanketi na taa ya kandili. Mwaka wa kwanza aliniletea salamu kwa mtu. Mwaka wa pili hakuleta. Wa tatu ukaanza na mimi sijui kama ni mzima.

Nilibaki na mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Tulikula shamba lake moja, lililokuwa chini kabisa, mwisho wa mfereji. Kiangazi kilipokuwa kikali, shamba lile ndilo lililotupa mahindi na maharage, kwa sababu ya ndiva.

Ndiva ni bwawa la kukingia maji. Jioni tundu lake linazibwa kwa gogo na udongo na magome ya migomba, maji ya mfereji yanajaa usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa na kila nyumba inapata zamu yake. Ndiva yetu ilikuwa ya mababu. Ukuta wake wa mawe na udongo ulipasuka katika mvua za vuli, ufa mrefu kama mkono, na kila tulipoziba tundu maji yalitokea pale. Nyumba za juu zilipata. Sisi wa mwisho tulipata tope.

Siku ya kwanza maji yalipokosa kutufikia, mama mkwe aliniambia tukiwa tumesimama kwenye matuta makavu. Hakuzungusha maneno.

"Shamba hili likifa, mimi nitakwenda kwa kaka yangu kule Gonja. Yeye hawezi kulisha watu watatu. Mtoto ni wa ukoo wetu, nitamchukua. Wewe utarudi kwenu."

"Na mume wangu akirudi?"

"Akirudi atakufuata. Hajasahau njia."

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa amekaa kwenye tuta anachimbua mchwa kwa kijiti. Tangu siku ile sikuwaza kitu kingine ila ule ukuta.

Mwaka ule kanisa lilikuwa limefungua darasa la akina mama, kusoma na kuandika, alasiri mbili kwa wiki. Mwalimu alikuwa mtu wa Ugweno, kijana bado, miwani imefungwa kwa uzi. Kichasu chetu alikisikia kwa shida, na sisi Kigweno chake hatukukisikia kabisa, kwa hiyo tulisoma kwa Kiswahili. Mimi nilipata herufi upesi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye nyumbani, herufi zikawa watu. Baada ya miezi kadhaa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote, na jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo usiolala, akaanza kuniita karani.

"Karani, leo umeandika nini? Umeniandikia mume wangu arudi?"

"Mume wako mwandikie mwenyewe, kalamu unayo."

"Mimi nikimwandikia atadhani ni kuku amekwaruza."

Mwalimu ndiye aliyesema tuandike bomani. Alikuwa amesikia kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya pale Same, anatoa simenti na fundi mwashi kwa vijiji vinavyotaka kujenga mabwawa, ilimradi kijiji chenyewe kitoe watu wa kazi. Alisema hiyo itakuwa kazi ya darasa. Sio kuandika majina yetu kwenye kibao mpaka tuzeeke, kazi yenyewe.

Akaandika kwenye ubao maswali manne. Tunataka nini. Nani atafanya. Siku ngapi. Na kikiharibika kitu, tutafanyaje.

La kwanza lilikuwa rahisi. La tatu alitujibia mzee wa ndiva, msimamizi wa maji na zamu zake: kuchimba mpaka kwenye mwamba siku tatu, kujenga siku tatu. La nne lilituletea ugomvi. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele alikunja mikono.

"Mwalimu, kwenu mtu akianza kujenga nyumba, anasema itaanguka?"

"Sisemi itaanguka, mama. Nauliza, ikianguka?"

"Ni yale yale. Unaita balaa."

Wote wakaitikia kwamba anaita. Mwalimu akatusihi, akacheka, akatusihi tena. Mwishowe aliacha pale patupu. Nami sikumsaidia. Nilikuwa naona kama wao.

Kisha barua yenyewe. Mimi niliandika ya kwanza nyumbani, kurasa tatu. Nilimwamkia Bwana Shauri, nikamuuliza hali ya mke wake na watoto wake, nikamweleza kwamba sisi huku ni wazima, mvua za vuli zilikuwa nzuri, migomba imezaa, mchungaji alipata homa lakini amepona. Ndiva niliitaja kwenye ukurasa wa tatu, chini. Mwalimu aliisoma yote, akavua miwani.

"Mama, huyu mtu ana barua nyingi kama hii mezani. Unataka nini kwake?"

"Simenti."

"Iandike juu."

"Kabla ya kumwamkia?"

"Mwamkie kwa mstari mmoja. Kisha simenti."

Nilimwambia huo ni utovu wa adabu. Hata ombaomba wa mnadani anauliza kwanza umeamkaje. Alinijibu kwamba ofisi haina sikio la namna hiyo, ina jicho tu, na jicho lake linachoka haraka. Niliandika alivyotaka, na mkono ulikuwa mzito kama naandika tusi.

Lilibaki swali la pili: watu wangapi. Kwetu watu wazima na watoto hawahesabiwi kwa kidole. Ukimhesabu mtu umemtenga na wenzake, na kilichotengwa kinaonekana na jicho baya. Mzee wa ndiva alisema hivyo mbele ya kanisa, na mwalimu hakubishana naye, akauliza tu tufanyeje. Mzee akafikiri, akasema tutumie punje.

"Kila nyumba ilete punje ya mahindi kwa kila mwanamume wa kushika jembe. Punje unaweza kuhesabu. Watu, hapana."

Ilikuwa wanaume kwa sababu mwanamke haingii ndivani. Msaragambo ukiitwa, yaani kazi ya kijiji kizima, pembe inapulizwa alfajiri na kila nyumba inatoka. Lakini sisi wanawake tulibeba mawe na maji mpaka ukingoni tukaishia hapo. Kuteremka ndani, kukanyaga tope la ndiva, ilikuwa kazi ya wanaume. Ndivyo tulivyoikuta. Na nyumba isiyotoa mtu wa msaragambo ilipoteza zamu yake ya maji, hilo nalo tulilikuta.

Jumapili baada ya ibada, chungu kikawekwa mlangoni mwa kanisa. Mimi niliambiwa nisimame karibu, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi. Kwa hiyo niliona. Naliandika hili wazi kwa sababu watu walikuja kusema baadaye kwamba hakuna aliyeona.

Alikuja mama ambaye mume wake alikuwa Muheza tangu mwaka uliopita. Akatia punje moja. Akaja mwingine, mume na wanawe wawili wako mkonge, akatia tatu. Jirani yangu mwenye mdomo akatia yake bila kusema neno, na hiyo peke yake ingenitosha kujua. Mzee wa ndiva mwenyewe alitia tatu: yake, na za wanawe waliokuwa Tanga bandarini.

Hawakuwa wanadanganya. Ungekuwa pale ungeelewa. Mke asiyetia punje ya mume wake amesema nini mbele ya kanisa zima? Amesema nyumba yake haina mwanamume. Amesema mtu yule ametoka katika hesabu ya walio hai. Mama gani angefanya hivyo, na chungu kimewekwa mlangoni mwa kanisa?

Mama mkwe wangu alifika mwisho. Alikuwa na punje moja, kubwa, nyeupe, amefungua fundo la khanga kuitoa. Hakuitia mwenyewe. Alinipa mimi.

"Tia ya mume wako."

Nikatia.

Tulizimwaga kwenye ungo mbele ya mwalimu. Arobaini na tatu. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Alikuwa mgeni, hakujua nani yupo na nani hayupo, na mimi niliandika arobaini na tatu kwa wino mweusi, nikakunja, na barua ikateremka Same na mtu aliyekuwa anapeleka kahawa.

Jibu lilichelewa. Januari ikaisha, Februari ikaingia na jua lake. Kisha likaja, karatasi nyembamba yenye mhuri, imeandikwa kwa mashine. Mwalimu aliisoma darasani, akanipa niisome tena kwa sauti. Bwana Shauri amekubali. Simenti mifuko ishirini italetwa na lori mpaka barabara inapoishia. Fundi mwashi atakuwapo siku sita, kuanzia Jumatatu ya wiki ya mwisho kabla ya masika, kisha atakwenda kijiji kingine. Wanaume wasiopungua thelathini wawe tayari kila siku. Ikiwa kuna lililobadilika katika mpango wetu, tumjulishe kwa barua kabla ya fundi kuondoka Same, na siku zitapangwa upya.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilisoma lile neno la mwisho mara mbili moyoni.

Wiki ile ile mwalimu aliitwa Ugweno, mama yake mgonjwa. Aliniachia bahasha, karatasi na wino, akanionyesha mahali pa kuandika anwani.

"Wewe utawajibu. Andika kwamba tumepokea, tuko tayari. Au kama kuna tatizo, waambie tatizo. Unaweza. Hutanihitaji."

Nikasema ndiyo, mwalimu.

Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Nilijua hesabu ya kweli. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kichwani mwangu, nikaweka kando wa Muheza, wa Korogwe, wa Tanga, wa migodini, na waliobaki nikawahesabu kwa vidole, dhambi yangu mwenyewe. Kumi na wawili, na kati yao mmoja mguu umevimba. Siku ya tatu nikaandika. Niliandika kama nilivyofundishwa, jambo lenyewe juu kabisa: Bwana Shauri, wanaume tuliowaandika hawapo wote. Wengi wako mashamba ya mkonge. Na mume wangu hayupo, mwaka wa tatu sasa. Tunaomba siku zibadilishwe, au wanawake waruhusiwe kufanya kazi.

Ilikuwa barua nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mama mkwe aliingia na kuni. Akazitua.

"Unawaandikia nini?"

"Bomani, mama."

"Nisomee."

Ningeweza kumsomea kingine. Hakujua hata herufi moja. Lakini sikuwahi kumdanganya, na nilimsomea neno kwa neno. Nilipofika kwa mume wangu alinyosha mkono kama anayezuia mlango.

"Umemzika mwanangu kwa wino."

"Mama, nimesema hayupo. Sijasema amekufa."

"Barua hiyo itawekwa kwenye kabati la serikali. Itakaa humo. Mtu yeyote akifungua ataona, mke wake mwenyewe ameandika hayupo. Akirudi kesho utaifuta vipi?"

"Lakini siku ya kazi watakuja kuona, mama. Hatuna watu."

"Watu watapatikana. Wataitwa. Treni ipo."

"Nani atawaita? Wewe unajua yuko kambi gani?"

Alinipiga. Kofi moja, si la nguvu. Kisha akakaa chini karibu na kuni zake. Sikulia. Nilichukua karatasi nyingine, nikaandika mstari mmoja: Tumepokea, tuko tayari. Ile ya kwanza niliitia motoni. Huwa nasikia watu wanasema walilazimishwa. Mimi sikulazimishwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na yeye alikuwa amekaa chini. Niliona aibu ya kuonekana mwanamke asiye na mume, nikaipa aibu ile nafasi mbele ya mtoto wangu.

Simenti ilikuja. Tuliibeba sisi wanawake kutoka barabara inapoishia, mfuko mmoja watu wawili, tukipokezana, saa nne za kupanda. Fundi alikuja nyuma yetu amevaa kofia ya lasi, mtu wa Tanga, mcheshi, anasalimia kila mtu na kuhema kama mvukuto.

"Mama zangu, huku mnaishi na ndege au na watu?"

Jumatatu alfajiri pembe ilipulizwa. Ilipulizwa mara tatu. Tulikuwa tumejipanga ukingoni, wanawake wote wa kijiji, jiwe kichwani kila mmoja. Wanaume wakaja. Nilikuwa nimewahesabu kumi na wawili, walikuja tisa. Wawili kati yao walikuwa wazee wenye fimbo.

Fundi alingoja. Akavuta sigara, akangoja tena. Jua likatoka.

"Haya, wengine wako wapi? Wamejificha migombani?"

 Jirani yangu ndiye aliyetua jiwe lake kwanza.

"Sisi tuna mikono, baba. Tuingie tuchimbe."

Mzee wa ndiva alikuwa tayari ameshateremka, tope mpaka magotini.

"Mwanamke haingii ndivani."

"Na maji yake nani anayachota kila siku? Nani anayafuata shambani?"

"Kuchota si kuingia."

"Basi wanao warudi kutoka Tanga waje waingie. Ulitia punje zao, nilikuona."

Mzee akashika jembe. Aliinamisha kichwa akaanza kuchimba. Nilimhurumia. Hata sasa simlaumu, maana hakuwa amejitungia sheria ile, na kama angeivunja, ukuta ukapasuka tena, kila mtu angesema ni kwa sababu yake. Fundi alitazama huku na huku, akasema yeye ni mgeni, mila za watu hazijui, yeye kazi yake simenti. Akasema ni lazima wafike kwenye mwamba kwanza. Simenti juu ya udongo ni uji juu ya mchanga.

Walichimba siku tatu. Tisa, kisha wanane, maana mmoja wa wazee aliishiwa nguvu. Walibomoa ukuta wa zamani nusu, wakatoa mawe ya mababu wakayaweka kando, wakateremka mpaka shimo likawafika kifuani. Mwamba hawakuuona. Sisi tulisimama ukingoni na mawe yetu. Kuna kusimama ambako kunachosha kuliko kuchimba.

Siku ya nne, Alhamisi, akaja karani wa boma. Sijui fundi alipeleka habari, au alikuja kukagua tu. Kijana wa Kipare kama sisi, suruali imepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Alitoa barua yangu mfukoni. Niliijua kwa mwandiko kabla hajaifungua.

"Hapa imeandikwa wanaume arobaini na tatu. Naona wanane. Nani aliandika?"

Hawakunitaja. Walinitazama tu, na hilo lilitosha.

"Ni mimi."

"Shikamoo, mama." Aliniamkia kwa adabu, na adabu ile iliniumiza zaidi. "Mama, na hii ya pili, tuko tayari, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mlikuwa tayari na nani?"

Nikatua jiwe langu.

"Mume wako yuko wapi kati ya hawa?"

"Yuko Korogwe."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu."

"Na atarudi lini, ili niandike?"

Alikuwa ameshika kalamu. Alitaka jibu la kuandika, si zaidi. Mama mkwe wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, amemshika binti yangu mkono. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na uwongo wa mstari mmoja umenikaa shingoni wiki mbili, nikatamani kusema kitu kimoja cha kweli kabla siku haijaisha.

"Sijui kama yupo. Sina mume, baba. Andika hivyo."

Akaandika.

Kisha akatuambia, kwa upole, kwamba kijiji kingine upande wa pili wa mlima kina watu na kinangoja. Fundi ataondoka kesho. Simenti itarudi kwenye lori. Jirani yangu akamuuliza nani ataibeba. Karani akatazama chini.

Tuliibeba sisi. Mifuko ile ile, njia ile ile, kuteremka. Kuteremka na mzigo ni kubaya kwa magoti. Hakuna aliyeimba. Mfuko wangu nilibeba na jirani yangu, na hata yeye hakuwa na neno, ila mara moja tu, tulipotua kupumzika, alisema, "Ungeandika, karani. Sisi tusingeweza. Wewe ungeweza," kisha akajitwisha.

Mwalimu alirudi Jumapili, amenyoa kichwa, mama yake amemzika. Alikwenda ndivani akatazama lile shimo. Nilimfuata kwa sababu nilidhani ni haki yangu kuulizwa. Aliuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Akauliza kwa nini sikuandika. Nilifungua mdomo kumweleza habari za kofi na za kabati la serikali, nikaona maneno yote ni ya mtu anayetafuta pa kujificha. Nikamwambia sikuandika tu. Alitikisa kichwa, akasema pole, mimi nikamwambia pole kwa msiba. Baada ya miezi miwili alihamishwa, na darasa halikupata mwalimu mwingine.

Wanaume wetu wanane walijaribu kurudisha mawe ya zamani mahali pake. Hayakukaa yalivyokuwa. Masika yalikuja kwa siku yake, wala hayakuwa makali mwaka ule, nataka hilo lijulikane. Mvua haikuwa na kosa. Siku ya tano ukuta ukaondoka wote asubuhi, tulikuwa tunakoroga uji. Tulisikia kama mti mkubwa unaanguka bila kumaliza kuanguka. Nilipofika shambani sikuliona. Palikuwa na mchanga na mawe mpaka mpakani, na tope linatiririka juu yake. Mama mkwe alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama ndani, mchanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, anatafuta matuta kwa jembe kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

Alitafuta siku nyingi. Alipanda maharage katika mchanga ule, yakaota, yakawa manjano. Alipoacha ndipo aliponiita. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Ulisema mwenyewe mbele ya serikali na mbele ya watu, huna mume."

"Nilisema, mama."

"Asiye na mume hapa anakaa kwa nani?"

Hakungoja nijibu. Alikuwa amefunga vitu vyake. Binti yangu alikuwa amevishwa gauni lake la kanisani, amekaa juu ya furushi, anauliza kama Gonja kuna mbuzi. Bibi yake akamwambia wapo wengi. Niliwasindikiza mpaka njia panda. Mama mkwe akaniambia nisije zaidi, mtoto atalia. Hakulia. Alikuwa anawaza mbuzi.

Nilirudi kwa baba yangu, nikakaa miaka sita, nikaolewa na mzee mjane wa Hedaru, ambaye ndiye babu wa huyu aliyeniletea daftari. Mume wangu wa kwanza sijapata habari zake mpaka leo. Ndiva haikujengwa tena. Niliwahi kusikia kwamba ile ya upande wa pili wa mlima, iliyojengwa kwa simenti ile, inashika maji vizuri.

Binti yangu nilimwona siku ya harusi yake, Gonja. Nilikwenda bila kualikwa, nikasimama pamoja na wanawake wa jikoni. Mtu alimwonyesha mimi ni nani. Alikuja, amevaa vizuri, akapiga goti kidogo akaniambia shikamoo kama anavyoamkiwa mgeni. Nikaitikia marahaba, na wakamwita ndani.